Mtambo Uliochimba Miaka Milioni Moja Kajiado

*Watafiti huvuka bahari hadi Antaktika kutafuta historia ya hewa ndani ya barafu. Historia ya umri kama huo imelala chini ya malisho ya Wamaasai. Imeshachimbwa na kusomwa, na ina neno zito kuhusu ukame, mafuriko na nyua za seng'enge.*

Kajiado, mtambo wa kuchimba ukionekana nyikani una maana moja tu: maji. Mfugaji akiuona kwa mbali hujua kuwa kaunti, kanisa au shirika fulani limekuja kutafuta kisima, naye huanza kukadiria ng'ombe wake watatembea muda gani kufika hapo.

Mwaka 2012 mtambo wa namna hiyo ulisimikwa katika tambarare ya Koora, bonde kavu lililoko kama kilomita 24 kutoka Olorgesailie, eneo maarufu kwa shoka za mawe za kale. Kampuni iliyokodiwa kuchimba ilitoka Nairobi. Walioikodi hawakutafuta maji. Walikuwa kundi la watafiti lililoongozwa na Rick Potts wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na walichokitaka ni udongo wenyewe.

Walitoa mche wa udongo wenye urefu wa mita 139 na upana wa sentimita 4. Ulikuwa tope, mchanga na majivu ya volkeno, tabaka juu ya tabaka. Ulipopimwa maabara ulionekana kubeba kumbukumbu ya miaka milioni moja.

Juni 2014 kundi jingine lilichimba Ziwa Magadi. Lilishuka mita 194 hadi kugonga mwamba wa volkeno ulio chini ya ziwa. Mche huo nao ulifika takriban miaka milioni moja nyuma.

Kwa hiyo kaunti hii, ambayo ni nadra mwaka kupita bila habari za ukame, ndiyo iliyotoa kumbukumbu mbili kati ya zilizo ndefu na bora zaidi za mvua na ukame barani Afrika. Miche yenyewe ilisafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Huko ndiko ilikopasuliwa, na huko ndiko inakohifadhiwa.

Maswali mawili yanafuata. Tope hilo limesema nini? Na mtu ambaye malisho yake yalichimbwa amefaidika vipi na kilichosemwa?

Barafu kule, tope huku

Watu wengi wakisikia habari za utafiti wa tabianchi huwaza Antaktika, na wana sababu. Mwaka huo huo wa 2012 Afrika Kusini ilipokea meli mpya, S. A. Agulhas II, ambayo hung'oa nanga Cape Town kupeleka watafiti na mahitaji yao katika kituo cha SANAE IV. Afrika Kusini ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyokuwamo miongoni mwa nchi 12 zilizotia saini Mkataba wa Antaktika mwaka 1959. Kenya wakati huo ilikuwa bado koloni.

Kinachofuatwa kule ni theluji iliyoanguka juu ya theluji kwa mamia ya maelfu ya miaka bila kuyeyuka. Kila tabaka liligandamiza lililo chini yake hadi likawa barafu, na ndani ya barafu vikabaki viputo vya hewa ya siku zile.

Mradi wa Ulaya uitwao EPICA ulichimba mahali paitwapo Dome C, ukashuka zaidi ya mita 3,200 hadi ulipokamilika mwaka 2004, ukapata hewa ya miaka 800,000. Januari 2025 mradi ulioufuata, Beyond EPICA, ulifika mita 2,800 katika eneo la jirani na kutoa barafu ya miaka isiyopungua milioni 1.2.

Viputo hivyo vilionyesha kwamba kwa miaka yote hiyo 800,000, kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dioksidi hewani ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 kwa kila milioni. Leo imepita 420. Hoja nyingi zinazotolewa katika mikutano ya tabianchi zimesimama juu ya ushahidi huo.

Hata hivyo, barafu ya kusini haiwezi kutuambia nyasi za Koora zilikauka mara ngapi. Hewa huchanganyika dunia nzima, lakini mvua hailingani hata kati ya Ngong na Magadi. Anayetaka kujua historia ya mvua ya Afrika Mashariki hana budi kuchimba Afrika Mashariki.

Barafu iliyo karibu nasi haitoshi, na inakwisha. Wakazi wa Loitokitok wakiinua macho asubuhi huiona Kilimanjaro, upande wa pili wa mpaka. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilienea takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2000 zilibaki kama 2.2. Mwaka huo Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alipanda na kundi lake, wakatoa miche sita ya barafu, na tabaka la chini kabisa wakalikadiria kuwa la miaka 11,700. Kumbukumbu ya Koora inaenda nyuma zaidi ya mara 80 ya hapo.

> Hewa huchanganyika dunia nzima, lakini mvua hailingani hata kati ya Ngong na Magadi.

Njia ya kushuka Magadi

Anayetoka Kitengela kufuata nyayo za watafiti hawa hushika barabara ya Namanga. Mwanzo wa safari ni maduka ya saruji na mabati, maboza ya maji yakijipanga kwenye visima, punda wakivuta mikokoteni ya mitungi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 katika mji huu. Kaunti nzima ilikuwa na watu 687,312 mwaka 2009 na 1,117,840 miaka kumi baadaye.

Baada ya Kisaju nyumba hupungua lakini nyua hazipungui. Pande zote mbili za barabara kuna seng'enge, nguzo za mawe na mabango ya ploti zinazouzwa. Hapa ndipo walipopita nyumbu waliohama kati ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na nyanda za Athi-Kaputiei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa karibu 30,000. Joseph Ogutu, mtafiti Mkenya, na wenzake walipochapisha hesabu mpya mwaka 2013, walikuwa wamebaki elfu chache tu.

Isinya njia hukata kulia kuelekea Kiserian na kupita mitambo 60 ya upepo ya Kipeto. Kutoka Kiserian mtu hufika Kona Baridi, na jina halidanganyi: upepo wa Ngong hupiga hapo mwaka mzima. Kisha Bonde la Ufa hufunguka mbele, na barabara huanza kushuka.

Kutoka hapo hadi Magadi, iliyo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, mteremko ni wa zaidi ya mita elfu moja. Joto hupanda kila mteremko unapoongezeka, na migunga hufupika. Antaktika hatari ni baridi. Huku chini hatari ni jua na kiu, na kundi lolote la watafiti hupakia maji kwanza kabla ya vyombo vyake.

Karibu na Oltepesi udongo hubadilika rangi. Vilima vyeupe hujitokeza kando ya korongo. Weupe huo ni mabaki ya viumbe wadogo sana wa majini waitwao diatomu, waliozama na kurundikana katika ziwa lililokuwa hapa. Mahali ambapo leo mbuzi hutafuta kivuli palikuwa na maji mengi.

Pengo la miaka 180,000

Mwaka 1942 Louis na Mary Leakey walikuta Olorgesailie shoka za mawe zimetapakaa chini kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1947 mahali hapo palifunguliwa kwa wageni, na hadi leo mtu husimama juu ya daraja la mbao na kuziona zikiwa pale pale zilipoangushwa na mikono ya wale waliozichonga.

Potts alianza kazi hapo mwaka 1985. Yeye na wenzake, wakiwemo wachimbaji wa Kikenya walioshika visu na brashi miaka mingi, walibaini kwamba shoka hizo kubwa zilichongwa kwa namna ileile kwa mamia ya maelfu ya miaka, tangu takriban miaka milioni 1.2 hadi 500,000 iliyopita. Mawe yake kwa kawaida yalitoka karibu, kilomita chache tu.

Kisha tabaka zinazofuata, za miaka 320,000 iliyopita, zinaonyesha maisha tofauti kabisa. Shoka kubwa hazipo. Kuna vifaa vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, vingine vya ncha za kufungwa kwenye mti. Kuna obsidiani, jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo, lililoletwa kutoka kilomita 25 hadi 95. Kuna mawe ya rangi nyekundu na nyeusi yaliyosagwa. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018 katika jarida la *Science*.

Wanyama nao walibadilika. Katika kipindi hicho asilimia 85 ya aina za mamalia wa eneo hilo zilibadilika, na wala nyasi wakubwa kupita kiasi wakawapisha jamaa zao wadogo, walioweza kuishi kwa malisho ya namna nyingi.

Ila kati ya miaka 500,000 na 320,000 iliyopita hapakuwa na kitu cha kusoma. Mmomonyoko ulikuwa umeyafagia matabaka ya Olorgesailie. Pengo la miaka kama 180,000 lilikaa mahali pale pale ambapo jambo kubwa lilitokea. Ndiyo maana mtambo ulipelekwa Koora, ambako udongo ulizidi kurundikana bila kuguswa.

Tope linasomwaje

Mche wa udongo ukitoka ardhini huwa ndani ya bomba. Hukatwa vipande vinavyobebeka, kila kipande huandikwa namba na upande wake wa juu, kisha huzibwa usikauke. Kosa dogo la kugeuza kipande juu chini linaweza kuvuruga maelfu ya miaka ya historia.

Maabara, mche hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huwekwa akiba isiguswe. Nusu nyingine ndiyo ya kufanyia kazi. Diatomu husema kama maji yalikuwa matamu au ya chumvi, ya kina kirefu au kifupi. Chavua husema ni mimea gani ilichanua. Chembe za silika zilizobaki baada ya nyasi kuoza hutofautisha nyasi na miti. Nta ya majani ya kale hutunza alama ya mvua iliyoyanywesha.

Umri hutolewa na majivu ya volkeno. Bonde la Ufa lilitapika majivu mara nyingi, na fuwele zilizomo ndani yake hupimwa kwa gesi ya argoni. Mche wa Koora ulikuwa na tabaka nyingi za majivu kiasi cha kuufanya mmoja wa kumbukumbu za mazingira za Afrika zilizopimwa umri kwa uhakika mkubwa kabisa.

Wakenya walikuwamo katika usomaji huo. Rahab Kinyanjui, Veronica Muiruri na Stephen Rucina, wataalamu wa mabaki ya mimea waliofanya kazi na Makavazi ya Kitaifa, ni miongoni mwa waandishi wa makala ya Koora iliyotoka Oktoba 2020 katika jarida la *Science Advances*. Muiruri pia ni miongoni mwa walioandika matokeo ya Magadi ya mwaka 2018, pamoja na Bernhart Owen wa Hong Kong Baptist University.

Maji yalipoacha kutabirika

Ujumbe wa Koora unaeleweka bila shahada. Kwa karibu miaka 600,000, tangu miaka milioni moja hadi takriban 400,000 iliyopita, maji matamu na majani vilipatikana kwa utulivu. Mabadiliko yalikuwepo, lakini hayakuwa ya kuvunja maisha.

Kisha mambo mawili yakakutana. Ardhi ilipasuka, mabonde makubwa yakakatika kuwa vibonde vidogo, na maji hayakukaa tena mahali pamoja. Hali ya hewa nayo ikaanza kuyumba kwa kasi. Mvua nyingi, kisha ukame, kisha mvua tena. Nyasi, kisha vichaka, kisha nyasi.

Magadi inaunga mkono kwa njia yake. Ziwa ambalo leo ni magadi matupu, lililochimbwa kibiashara tangu kampuni ya kwanza ilipoundwa mwaka 1911, zamani lilikuwa na maji yenye chumvi kidogo zaidi. Kuanzia takriban miaka 575,000 iliyopita eneo hilo lilielekea kwenye ukavu, hatua kwa hatua.

Potts na wenzake wanaona uhusiano kati ya kuyumba huko na mabadiliko ya maisha ya watu wa kale. Waliobaki ni wale waliojifunza mambo matatu: kubeba vifaa vyepesi, kusafiri mbali, na kuwa na watu wa kubadilishana nao huko mbali. Obsidiani ya kilomita 95 haikufika Olorgesailie bila njia iliyo wazi na bila mwenzi upande wa pili.

> Waliobaki ni wale waliojifunza kubeba vifaa vyepesi, kusafiri mbali, na kuwa na watu wa kubadilishana nao huko mbali.

Wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani tabianchi pekee inaeleza mabadiliko ya binadamu. Wapo wanaotaka ushahidi wa maeneo mengine zaidi kabla ya kuhukumu, na ndiyo sababu mradi uliochimba Magadi, ukiongozwa na Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona, ulichimba pia Baringo, Turkana Magharibi na sehemu mbili za Ethiopia. Lakini kuhusu maji yenyewe, kwamba yalikuwa tulivu kisha yakayumba, Kajiado ina ushahidi wake mkononi.

Miche iko Minnesota

Sasa tufike kwenye mzozo. Je, ni haki kumbukumbu ya ardhi ya Kajiado ikae Marekani?

Wanaotetea utaratibu wa sasa wana hoja nzito. Mche wa tope huharibika upesi: ukikauka hupasuka, ukipata joto huota kuvu. Unahitaji ghala lenye baridi ya kudumu, umeme usiokatika na watu wa kuutunza kwa miongo kadhaa. Minnesota ina vyote hivyo, na watafiti wa nchi yoyote wanaweza kuomba sampuli. Kupima majivu kwa argoni kunahitaji sampuli zipigwe kwanza na nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia, nasi hatuna. Fedha za uchimbaji nazo zilitoka nje.

Upande wa pili nao una hoja. Shoka moja ya mawe haitoki Kenya bila kibali, kwa Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Mifupa ya Olorgesailie iko Nairobi. Tope limefuata njia nyingine, ingawa linabeba historia ya watu wale wale na wanyama wale wale. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayetaka kushika kipande cha Koora kwa mkono wake hana budi kupata viza kwanza, akiwa saa mbili tu kwa gari kutoka mahali kilipotolewa.

Barafu ya Kilimanjaro ilipita njia hiyo hiyo: iko Columbus, Ohio. Kwa barafu labda hapakuwa na la kufanya, kwa kuwa mlimani ilikuwa inayeyuka. Koora haiyeyuki. Tope lililobaki litaendelea kuwapo, na kutachimbwa tena. Hapo ndipo Kenya ina nafasi ya kuweka masharti mapema.

Kuna na upande wa tatu, nao husahaulika: wenye malisho. Ardhi ya Koora ni ya jamii ya Oldonyo Nyokie. Kwa mama anayetembea nusu siku kutafuta maji, mtambo uliokuja, ukachimba mita 139 na kuondoka ni jambo linalohitaji maelezo. Kumwambia kwamba tope lake limechapishwa katika jarida kubwa hakutoshi. Ana haki ya kuambiwa, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, tope hilo lilisema nini kuhusu maji yake.

Hati miliki na njia za malisho

Likielezwa, jambo hilo litagusa moja kwa moja mjadala mkubwa kuliko wote Kajiado: ardhi ikatwe au isikatwe?

Ranchi za jamii zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi ziligawanywa na kila mwanachama akapewa hati yake, Kitengela ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Mji unaouona leo umesimama juu ya ugawaji huo.

Wanaotaka hati hawakosei wanaposema kwamba hati ni usalama. Katika ranchi za pamoja viongozi wachache waliweza kujigawia. Mwenye hati hulipa karo, huchukua mkopo, na mjane mwenye hati hafukuzwi kirahisi. Na wafanyakazi waliokimbia kodi za Nairobi na kununua ploti Kitengela hawana hatia yoyote. Walitafuta mahali pa kulea watoto.

Wanaopinga nyua nao wanaijua ardhi. Ekari chache zilizozungushiwa seng'enge haziwezi kulisha ng'ombe mwaka ambao mvua imenyesha kwa jirani tu. Mfugaji wa Kimaasai alihimili ukame kwa kuhama, na kwa osotua, uhusiano wa kusaidiana unaomfanya rafiki wa mbali akupe ng'ombe baada ya wako kufa. Uhusiano bila njia ya kupita haufiki mbali.

Yapo majaribio ya kuishi kati ya pande hizo mbili. Kuanzia mwaka 2000, mpango wa kukodi ardhi kusini mwa Mbuga ya Nairobi ulizilipa familia dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisizungushe nyua wala kuuza. Karibu na Magadi, jamii za Olkiramatian na Shompole zimetenga malisho ya mvua na malisho ya kiangazi, mifugo na wanyamapori wakipishana kwa majira. Dola 4 hazikuweza kushindana na bei ya ploti Kitengela, na malisho ya pamoja yanahitaji uongozi wa kuaminika. Lakini majaribio hayo yanafuata kanuni ile ile inayosomeka katika tope la Koora: maji yakiyumba, nafasi ya kusogea ndiyo akiba.

> Maji yakiyumba, nafasi ya kusogea ndiyo akiba.

Ukame, kisha gharika

Tangu mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Katika maeneo kame ya Kenya mifugo zaidi ya milioni 2.4 ilikufa. Kando ya barabara ya Namanga mizoga ilikauka juani, na waliokuwa na ng'ombe mia wakaanza kuhesabu kwa vidole.

Aprili 2023 kundi la wanasayansi, akiwemo mtaalamu wa hali ya hewa Mkenya Joyce Kimutai, lilitoa uchambuzi wake: ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame ule uwezekane angalau mara 100 zaidi. Joto lenyewe lilinyonya ardhi maji ambayo mvua chache zilikuwa zimeleta.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2024, maji yaliingia nyumbani mwa watu Kitengela. Mito ilivunja kingo zake, watu wakaokolewa kutoka mapaa, na nchi nzima ikapoteza karibu watu 300 katika mafuriko ya msimu huo. Familia ile ile iliyonunua maji kwa mtungi mwaka 2022 ilikuwa ikiyatoa maji sebuleni mwaka 2024.

Kuyumba kwa namna hiyo, ukame ukifuatwa na gharika, ndiko kunakoonekana katika mche wa Koora. Tofauti ni mbili. Enzi zile mabadiliko yalichukua maelfu ya miaka. Sasa yanasukumwa na moshi wa viwanda na magari katika umri wa mtu mmoja. Na watu wa kale walikuwa na uwanda ulio wazi wa kukimbilia. Sisi tumejenga juu ya njia za mito na kufunga njia za malisho, halafu tunaita matokeo yake majanga ya asili.

Kinachodaiwa

Kenya haihitaji kupeleka meli Antaktika ili iwe na sauti katika sayansi ya tabianchi. Inahitaji kuthamini ilichonacho, na hilo lina hatua zinazoweza kutajwa.

Kwanza, uchimbaji ujao katika ardhi ya Kajiado uambatane na mkataba kwamba sehemu ya mche ibaki nchini, katika ghala lenye baridi chini ya Makavazi ya Kitaifa. Gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama inavyoingizwa gharama ya kusafirisha mche kwenda nje.

Pili, picha na matokeo ya miche ya Koora na Magadi yawekwe Olorgesailie, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa Oltepesi, Isinya au Kitengela anaielewa. Watoto wa shule hupelekwa kuona shoka za mawe. Waonyeshwe pia sababu ya watu kuziacha.

Tatu, maabara za Kenya zipewe vijana zaidi. Waliosoma miche hii wamethibitisha kwamba Mkenya anaweza kuwa mwandishi wa makala hizo na si dereva wa msafara tu. Wanahesabika; wanapaswa kuwa wengi.

Nne, na hili ndilo kubwa, mipango ya ardhi ya kaunti ichukue ushahidi huu kama inavyochukua ramani ya barabara. Njia za malisho na kingo za mito zilizobaki zichorwe, zilindwe kisheria, na wenye ardhi walipwe kiasi kinachoweza kushindana na bei ya ploti. Hati miliki na njia ya kupita vinaweza kukaa pamoja. Kinachokosekana ni uamuzi.

Na kabla ya mtambo mwingine wa utafiti kusimikwa Koora, wenye malisho waulizwe, waelezwe, na wakabidhiwe kisima cha maji karibu na shimo la sayansi. Aliyetoa kumbukumbu ya miaka milioni moja ya maji ya Afrika hastahili kubaki na kiu.